Sauti ya Upande wa Pili

Mimi mambo ya kompyuta siyajui. Ninachojua ni kuzima na kuwasha, na hata hapo kuna siku nilizima ya jirani. Nimetembea nchi nyingi, nimelala kwenye nyumba za wageni ambazo kunguni wenyewe walikuwa wanahama kwa aibu, na kote huko sikuwahi kuogopa kitu zaidi ya sauti ya mwenye nyumba akiuliza naondoka lini. Kwa hiyo haya si yangu. Ni ya shemeji yangu, aliyemwoa mdogo wangu wa kike. Alinisimulia mchana kweupe, tumekaa sebuleni kwake, na saa ya ukutani ameigeuza uso ikatazama ukuta.

Kazini wanamwita Chapuchapu. Ni fundi wa seva katika hospitali kubwa, na jina hilo alilipata kihalali: kazi ya siku moja anaimaliza kabla ya chai, kisha siku mbili zinazofuata watu wanarekebisha alichokimaliza. Seva, kwa ninyi wenzangu mliokimbia shule, ni mashine inayokaa chumbani peke yake ikizitunza kurasa za hospitali. Muuguzi akifungua ukurasa wodini, seva ndiyo inayomletea. Na kurasa nyingine haziishii kuonekana, zina kazi. Muuguzi wa wodi ya wazazi akitaka damu, anajaza ukurasa, anabonyeza Tuma, na nyuma ya pazia kuna maandishi ya kifundi, skripti, yanayolipeleka ombi mpaka benki ya damu upande wa pili wa hospitali. Ila seva haielewi skripti mpaka iwe na mkalimani. Mkalimani huyo ndiye moduli. Moduli isipopakiwa, seva inafanya kama mtu asiyejua kusoma aliyekabidhiwa barua: inampa aliye mbele yake jinsi ilivyo, na ombi haliendi popote.

Jumatatu hiyo ilianza kama Jumatatu zote. Chapuchapu alifika saa mbili na robo, akalaumu foleni ambayo hakuikuta, akamsalimu mlinzi, akafungua chumba cha seva. Chumba kidogo, hakina dirisha, kina kiyoyozi kinachokoroma kama mgonjwa wa pumu, na viti viwili. Kimoja chake. Cha pili kilikuwa cha Mzee Taratibu, na mgongoni mwa kiti bado lilining'inia sweta la kijivu ambalo hakuna aliyetaka kuliondoa. Mwenyewe alikuwa amezikwa wiki tano zilizopita.

Mzee Taratibu ndiye aliyemfundisha kazi. Walipokaa wawili, watu wa hospitali walisema ukiwachanganya unapata mtu mmoja mwenye akili timamu. Mzee alikuwa na masharti yake. La kwanza, usibadilishe kitu bila kuandika umebadilisha nini. La pili, ukimaliza kubadilisha, tuma ombi la majaribio, kisha inua simu uwapigie benki ya damu, uwaulize kama wamelipokea. "Hujamaliza," alikuwa akisema, "mpaka usikie sauti ya mtu upande wa pili." Chapuchapu alikuwa akimwigiza sauti hiyo kantini, na watu walicheka mpaka wakapaliwa.

Kitu kingine cha mzee kilikuwa maelezo. Ndani ya skripti fundi anaweza kuandika maneno ya kawaida ambayo mashine inayaruka, akiyatanguliza na mikwaju miwili, vile vistari vilivyoinama. Mafundi wengi huandika neno moja. Wengine huandika matusi. Mzee Taratibu alikuwa akimwandikia binadamu: "Ndugu utakayekuja baada yangu, mstari huu usiuguse kabla hujanywa maji na kufikiri. Ukiugusa vibaya, ombi litatoka na halitafika."

Saa tano na dakika arobaini, simu ikalia. Alikuwa Sista Mkuu wa wodi ya wazazi, mama mmoja ambaye hata madaktari wakimwona hufunga vifungo vya makoti.

"Chapuchapu baba, ukurasa wako umevua nguo."

"Umefanyaje, Sista?"

"Umevua nguo, nasema. Najaza niombe damu, nabonyeza Tuma, naletewa mabano na mikwaju. Tena humu ndani kuna mtu ananiita ndugu. Mimi sina undugu na kompyuta."

Alicheka. Alijua ugonjwa huo, hauhitaji mganga: moduli haikupakiwa. Akafungua faili la mipangilio, akatafuta mstari unaoipakia, akaukuta una alama ya reli, ile ya vistari vinne vinavyokatizana, mbele yake. Alama hiyo ikikaa mwanzoni mwa mstari, seva inauona kama umelala, inaupita. Akaifuta, akaianzisha seva upya, ukurasa ukavaa nguo zake. Dakika nne. Chapuchapu ni Chapuchapu.

Kisha akabaki ameketi, mkono juu ya kipanya, kicheko kimemkauka mdomoni. Kwa sababu alama ile aliijua. Mstari ni ule ule. Aliiweka yeye mwenyewe, miezi mitatu iliyopita, na siku ile ile aliitoa.

Hapa ndipo shemeji yangu alipotazama viatu vyake. Nami nikatazama vyangu, maana mtu wako akiwa uchi humkodolei macho.

Siku ile, miezi mitatu nyuma, alikuwa akibadilisha moduli ya zamani aweke mpya. Mstari wa zamani akautia alama ya reli, kwa muda tu, akasema nikirudi nitaandika mpya. Nywila yake ilikuwa imekwisha muda siku mbili nyuma na hakuwa na subira ya kuomba nyingine, kwa hiyo aliingia kwa akaunti ya Mzee Taratibu, ambaye nywila yake waliijua wote wawili. Akaianzisha seva upya. Fomu ya kuombea damu ikafunguka vizuri. Hakutuma ombi la majaribio. Hakuinua simu. Alishuka kantini kunywa chai na kujisifu kwamba kazi ya nusu siku ameimaliza kwa robo saa, na simu yake ya mkononi aliinyamazisha ili wasimkatize utamu.

Saa tano na dakika arobaini, muuguzi alijaza ombi la damu, akabonyeza Tuma, akaletewa maandishi ya ajabu. Akadhani ndivyo mfumo mpya unavyosema asante. Mzee Taratibu alikuwa jengo la pili akihangaika na printa. Alipojua, alikimbia wodini, akachukua ombi la karatasi, akakimbia nalo mpaka benki ya damu, mzee wa miaka hamsini na tisa mwenye presha. Lakini dakika arobaini zilikuwa zimeshapita. Mtoto alipona. Mama hakupona.

Uchunguzi ulipoitishwa, kumbukumbu za seva zilisema aliyeugusa mstari ni Mzee Taratibu, kwa jina lake na nywila yake. Walikaa mezani watu saba. Mzee hakujitetea. Alimgeukia mwanafunzi wake, akamtazama, akangoja. Chapuchapu alitazama meza. Anasema anaikumbuka mpaka leo, ilikuwa na doa la kikombe lenye umbo la mwezi mchanga. Mzee akangoja tena kidogo, kisha akasema, "Basi," akasimama, akaenda nyumbani ameachishwa kazi, sweta lake likabaki kwenye kiti cha chumba cha seva.

Alikufa nyumbani, asubuhi, akifunga kamba za viatu ingawa hakuwa na pa kwenda. Msibani watu walinong'ona kwamba aliua mzazi kwa uzembe. Mjane wake alisikia. Baada ya mazishi alimwita Chapuchapu pembeni, akamshika mkono.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyekaa naye. Sitaki kitu kwa hospitali. Nataka karatasi moja tu, mtu aandike kwamba mume wangu hakuua. Niwaonyeshe hawa."

"Nitaandika, mama," Chapuchapu akasema. Wiki tano zilipita. Hakuandika.

Jumanne alikuja mapema. Alibadilisha nywila zote, akaufunga kabisa mlango wa akaunti ya marehemu, akalikagua faili la mipangilio. Mstari wa moduli ulikuwa safi. Saa tano na dakika arobaini, simu ikalia.

"Kavua tena," Sista Mkuu akasema. "Na leo kaandika siku."

"Nani kaandika siku?"

"Huyo ndugu yangu wa humu. Nakusomea. 'Leo Jumanne, saa tano na arobaini. Mwanangu, umeshapiga simu upande wa pili?'"

Chapuchapu alifungua skripti kwenye seva. Akaipitia mstari kwa mstari. Ilikuwa na mistari mia mbili na kumi na mbili, na hakuna hata mmoja uliosema Jumanne. Akamwomba Sista ahesabu mistari iliyo kwenye kioo chake. Sista alimwambia ana wagonjwa, hana muda wa kuhesabu wadudu, kisha akahesabu kwa sababu hata yeye sauti ya Chapuchapu ilimtisha. Mia mbili na kumi na tatu.

Alama ya reli ilikuwa imerudi. Tarehe ya mwisho faili kuguswa, kwa mujibu wa mashine, haikuwa jana alipoifuta alama, ilikuwa siku ile ya miezi mitatu iliyopita.

Jumatano hakushughulika na kitu kingine. Alilifungua faili kwenye kioo chake, akalikazia macho kama paka aliyekaa mbele ya tundu. Saa tano na nusu. Mstari ni safi. Saa tano na dakika thelathini na tisa. Safi. Arobaini. Safi bado, hapo hapo mbele ya macho yake, hakuna alama, hakuna kitu. Simu ikalia.

"Inasema chai ilikuwa na tangawizi," Sista alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Inasema ulikunywa vikombe viwili. Chapuchapu, hii ni mizaha ya nani?"

Alikata simu. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya siku ile: akatuma ombi la majaribio, akainua simu, akapiga benki ya damu. Iliita mara mbili. Ikapokelewa.

"Fundi hapa," alisema. "Nimetuma ombi la majaribio. Mmelipokea?"

Pumzi. Pumzi za mtu aliyepanda ngazi mbio na umri umemtupa mkono.

"Nimepokea," ikasema sauti. "Umechelewa."

Anasema aliijua. Mtu umemwigiza sauti miaka sita kantini, utaacha kuijua? Alipopiga tena, alipokea dada wa benki ya damu, mchangamfu, anatafuna kitu. Hapana, hakuna simu iliyoingia kabla ya hii. Hapana, ombi la majaribio hawajaliona.

Nilimuuliza kwa nini hapo hapo hakwenda kwa yule mjane. Akaniambia, "Shemeji, nilidhani ni hitilafu." Nikataka kucheka, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuumwa jino miaka miwili nikidhani ni baridi.

Alhamisi aliizima seva ile kabisa. Alichomoa waya wa umeme, akachomoa wa mtandao, akaweka kiti mbele yake akakaa kama mtu aliyekamata mwizi. Kurasa zote alikuwa amezihamishia kwenye mashine mpya aliyoisimika mwenyewe asubuhi ile: moduli mpya, faili jipya la mipangilio, skripti aliyoiandika upya tangu herufi ya kwanza, bila maelezo hata neno moja. Aliijaribu mara ishirini. Ilifanya kazi mara ishirini.

Saa tano na dakika arobaini.

Simu ilipolia, Sista Mkuu hakupiga kelele. Alianza kusoma, taratibu, kama mtu anayejisomea kesi yake mwenyewe.

"Leo Alhamisi. Yule mama aliuliza mara tatu kama damu imefika. Mara ya nne hakuuliza."

"Sista..."

"Nani kakwambia haya?"

"Si mimi, Sista."

"Chumbani tulikuwa watatu." Sauti ya mwanamke yule, ambaye watu wazima humkimbia, ilikuwa imekuwa nyembamba. "Mimi. Yeye. Na mtoto wa dakika ishirini. Sijamwambia mtu. Sikuandika popote. Nani kakwambia?"

Kiyoyozi kilikuwa kimezimika. Chapuchapu hakukumbuka kukizima. Katika kimya hicho, ile seva iliyochomolewa waya zote ilikuwa ikivuma.

Alipanda ngazi mpaka ofisi ya Mkurugenzi, hakubisha hodi. Mkurugenzi ni mama mtaratibu, meza yake haina hata kipande cha karatasi. Chapuchapu alisimama katikati ya zulia akayatapika yote. Alama ya reli. Nywila ya mzee. Chai. Meza aliyoitazama. Alipomaliza alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu alihisi kifua kimepata nafasi.

Mkurugenzi alimsogezea karatasi ya kufutia pua.

"Ninajua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Nywila ilikuwa ya mzee, lakini mashine iliyotumika ilikuwa yako. Kumbukumbu zinaonyesha na hilo. Nilijua siku ya pili."

Chapuchapu alishindwa kufumba mdomo. "Sasa mbona..."

"Mzee alibakiza miezi minane astaafu. Wewe umebakiza miaka kumi na sita. Hospitali ilihitaji jina moja, na ilihitaji fundi mmoja. Nikagawa." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza alivyogawa mkate. "Na yeye nilimuuliza faraghani. Nikamwambia, sema ni kijana, nikuache. Akasema kijana atasema mwenyewe, mpe muda. Basi. Kijana hakusema. Nenda kazini. Hakikisha ukurasa unafanya kazi."

Kifua kilichopata nafasi kikajaa tena, safari hii mawe. Kumbe alikuwa amekiri kwa mtu ambaye hakuhitaji kuambiwa. Mtu pekee aliyehitaji bado alikuwa nyumbani kwake, akingoja karatasi moja.

Ijumaa hakuingia chumba cha seva. Alichukua kalamu na kitabu cha maombi ya karatasi, akaenda wodi ya wazazi, akakaa kwenye benchi karibu na meza ya Sista Mkuu. Sista hakumuuliza anataka nini. Alimsogezea kiti chenye mgongo. Walikaa hivyo, wawili, kama watu wanaongoja majibu ya daktari, macho kwenye saa ya wodini.

Saa tano na dakika thelathini na nane, muuguzi alitoka mbio nyuma ya pazia. "Sista, kitanda cha sita. Anatokwa na damu. Haikati."

Sista aliugeukia ukurasa. Chapuchapu akauona kwa macho yake mwenyewe, safari hii hakusomewa. Mabano. Mikwaju. Na chini kabisa, mstari mmoja.

"Kimbia."

Aliandika ombi huku anasimama. Sista alisaini bila kukaa. Akakimbia. Korido ya wodi, ngazi, uwanja wa magari, jengo la pili, ngazi tena. Ana miaka arobaini na nne, na tumbo ambalo mdogo wangu analitunza kwa mapenzi. Alikimbia njia ile ile aliyoikimbia mzee wa presha. Nyuma yake, anasema, kulikuwa na miguu mingine. Haikumkaribia wala haikubaki nyuma. Mwenye miguu hiyo alikuwa anahema naye.

Alilitupa ombi juu ya kaunta ya benki ya damu.

Dada wa kaunta alilitazama. "Kitanda cha sita? Mbona imeshakwenda? Mifuko miwili. Mhudumu kaondoka nayo muda mrefu, labda mmepishana kwenye lifti."

"Nani... kaomba?"

"Simu ilipigwa. Mzee mmoja. Akaniuliza kama nimepokea ombi. Nikamwambia bado, kisha nikatazama nikaliona kwenye kioo. Nikasema nimepokea. Akasema, haya, hesabu mifuko, usikimbie." Akakigeuza kitabu cha kupokelea ili Chapuchapu asome. "Nimeandika hapa. Saa tano na dakika ishirini na tano."

Saa hiyo yule mama wa kitanda cha sita alikuwa bado hajaanza kutokwa na damu.

Alipona. Mtoto wake pia. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akanilaumu kwamba nilimweka mgonjwa roho juu kwa ajili ya hadithi.

Chapuchapu hakurudi kazini. Alitoka hapo kaunta, akapita getini, na jasho lake, kitambulisho kikimning'inia shingoni, akaenda kwa miguu mpaka kwa mjane. Njiani alipanga maneno. Atasema kwa kupiga magoti. Atasema yote. Kisha ataomba karatasi na kalamu, ataandika hapo hapo mbele yake, na akifukuzwa atafukuzwa, na akitukanwa atatukanwa. Anasema alikuwa karibu na furaha. Aliona mwisho.

Mlango ulikuwa wazi. Mjane alikuwa amekaa kitini, anakunja mashati ya marehemu, anayapanga moja juu ya jingine. Aliinua macho. Hakushangaa kumwona.

"Umesahau nini?" akauliza.

"Shikamoo mama."

"Ulishaniamkia. Nimekuuliza umesahau nini."

"Mama, mimi... ndiyo kwanza nafika."

Mjane alikunja mkono wa shati, akaunyoosha kwa kiganja. "Mwanangu, michezo basi. Uliingia hapa saa tano na nusu. Ukasimama hapo ulipo. Ukapiga magoti nikakwambia sakafu ni baridi. Ukanipa barua, ukangoja mpaka nikaisoma yote."

Saa tano na nusu alikuwa kwenye kiti cha Sista Mkuu, kitabu cha maombi mapajani. Sista ni shahidi. Wodi nzima ni shahidi.

Barua ilikuwa mezani. Kurasa tatu. Aliinama kuisoma bila kuigusa. Mwandiko ulikuwa wake, ule mbaya ambao mwalimu wake wa darasa la nne aliuita kuku kwenye majivu. Sahihi ilikuwa yake. Ndani yake kulikuwa na alama ya reli, nywila, tangawizi, doa la kikombe. Na ukurasa wa tatu kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia Mkurugenzi, wala mkewe, wala hakujiambia mwenyewe kwa sauti: kwamba simu ilipompa habari kuwa mzee amefariki, kabla ya majonzi, alishusha pumzi. Alijisikia nafuu.

Akakaa sakafuni. Sakafu kweli ilikuwa baridi.

"Mama," akanong'ona. "Baada ya kuisoma. Ulisemaje?"

"Uliniuliza swali, nikakujibu."

"Nijibu tena."

Mjane aliliweka shati juu ya mengine. Alimtazama kwa muda mrefu, bila hasira, na pia bila kile kitu kingine alichokuwa anakitafuta usoni mwake.

"Mtu hasamehewi mara mbili," akasema. "Wala halaaniwi mara mbili. Nilichosema nimesema. Nenda nyumbani."

Ukurasa haujavua nguo tena tangu siku ile. Barua mjane aliibandika nje, mlangoni kwake, wakaisoma majirani na kila aliyepita, na mnong'ono wa msibani ukafa. Hospitali ilimwachisha Chapuchapu kazi wiki iliyofuata, kwa barua fupi yenye shukrani. Mkurugenzi alishangazwa sana na habari zile, ndivyo ilivyoandikwa. Kazi hakuililia. Analilia jibu. Amekwenda kwa mjane mara nne. Mara nne amekaribishwa kiti, akapewa maji, akaambiwa maneno yale yale.

Mwisho alinituma mimi. Mtu mzima, mgeni, labda kwangu atalegea. Nilikwenda. Nilifanya vichekesho vyangu vyote vya safari, mama wa watu akacheka kwa heshima. Nilipomuuliza, akaacha kucheka.

"Mwambie shemeji yako anajua. Nilipomjibu alilia sana."

"Alilia kwa kufurahi, mama, au kwa uchungu?"

Alinisindikiza mpaka mlangoni, nami nikaisoma barua pale ilipobandikwa. Ukurasa wa tatu, juu ya sahihi, wino ulikuwa umetawanyika pahali pamoja, duara, kama tone limeanguka likaachwa likauke lenyewe. Sikutaka kuligusa. Nililigusa. Karatasi ilikuwa imekaa mlangoni wiki sita, juani, na ilikuwa bado imelowa.